Ngoma za Susu na chaneli namba 10

Najua nimekuwa kimya wiki kadhaa, na kwa wale mlioniandikia kuuliza kama blogu imekufa: haijafa. Nilikuwa nimebanwa na faili moja ya kilobaiti 28 iliyotoka Kinanie. Faili ndogo kuliko picha ya paka, lakini imenisomesha historia kuliko mwalimu yeyote niliyewahi kuwa naye. Leo namwaga yote, kwa hiyo chukua chai.

Kwa wasioijua, Kinanie iko Machakos, ndani ya jimbo la Mavoko, ukishaipita Athi River. Nyika, vumbi, malori, na ardhi kubwa ambayo serikali iliitenga kwa ajili ya viwanda vya ngozi. (Kumbuka hilo la ngozi. Linanichekesha kila nikifika kwenye kisa hiki.) Binamu yangu anaishi huko, na mwaka juzi alinunua pedi za ngoma za mtumba: kisanduku chenye vibonye 16 vya mpira, nne kwa nne, unachokichomeka kwenye kompyuta kwa waya wa USB. Ukigonga mpira, programu inatoa sauti uliyoipangia.

Desemba ile Susu alikuwa ametembelea. Kwa wasio Wakamba, Susu ni nyanya au bibi. Huyu wetu alipokuwa na nguvu alikuwa mpigaji katika kilumi, ile ngoma ya wanawake wazima ya kuombea mvua na kutuliza pepo. Aliviangalia vile vibonye, akacheka, akauliza ngozi iko wapi. Halafu akaketi. Binamu alikuwa amerekodi milio ya ngoma halisi na kuipanga kwenye safu ya chini. Kibonye cha kwanza kilikuwa ngoma kubwa ikipigwa katikati, cha pili ngoma hiyohiyo ikipigwa ukingoni, cha tatu ngoma ndogo ya kujibu, cha nne makofi. Susu alichukua viwili vya kwanza. Binamu akachukua viwili vya mwisho. Wakapiga dakika kumi na moja bila kusimama, bega kwa bega, mikono minne juu ya kisanduku kimoja.

Mwaka huu tangu Aprili mkono wa kulia wa Susu haukunji vizuri. Hawezi kurudia. Na binamu, akisikiliza ile rekodi, anasikia jambo moja tu: yeye mwenyewe anavyoharibu. Anachelewa, anakimbia, anapotea. Akaniletea kwenye fleshi faili la WAV la megabaiti 116 na swali fupi: "Kaka, wewe ni mtu wa kompyuta. Niondoe mimi, umbakize Susu."

Nilimwambia ukweli. Ukishachanganya sauti nne kuwa mawimbi mawili, kushoto na kulia, kuzitoa tena ni kama kutoa sukari kwenye chai. Kuna programu za siku hizi zinazojaribu, kwa mfano Spleeter ambayo kampuni ya Deezer iliitoa mwaka 2019. Lakini zile hutenganisha mwimbaji, besi, ngoma na vinginevyo. Ngoma zote kwake ni fungu moja. Ngoma ndogo na ngoma kubwa za Kikamba haizijui.

Nikamuuliza: mradi wenyewe uko wapi? Uliondoka na laptopu aliyoiuza. Basi, nikasema, tumekwisha. Siku mbili baadaye akanipigia simu usiku. Alikumbuka kuwa siku ileile alijitumia faili la MIDI kwa barua pepe. Nikalifungua. Kilobaiti 28. Na ndani yake, treki moja. Mikono minne, ngoma mbili, makofi, vyote kwenye mstari mmoja.

Hapo ndipo swali liliponikamata. Kwa nini mmoja? Pedi ni kumi na sita, kila moja imetengwa na jirani yake kwa ukuta wa plastiki. Kwa nini zinaingia kwenye kompyuta kama fungu?

Tuanze na hicho kilichorekodiwa hasa. MIDI si sauti. Ni barua. Susu akigonga kibonye cha kwanza, kisanduku kinatuma baiti tatu, na ukiziandika kwa mtindo wetu wa waandika programu ni 99 24 64. Hiyo 9 ya kwanza maana yake "noti imeanza". 9 ya pili ni chaneli, na kwa kuwa kompyuta huhesabu kuanzia sifuri, 9 ni chaneli ya kumi. 24 kwa hesabu ya kawaida ni 36, yaani noti namba 36. 64 ni 100, nguvu ya pigo, kati ya 1 na 127. Basi. Hakuna ngozi, hakuna chumba, hakuna jina la aliyepiga. Binamu akigonga kibonye chake cha tatu inakwenda 99 26 na nguvu yake. Tofauti kati yake na nyanya yake ni namba mbili.

Na tazama: hakuna mahali palipoandikwa treki. Chaneli ni anwani ya barua. Treki ni kabati la kuwekea. Ni vitu viwili vilivyozaliwa nyumba mbili tofauti, na vurugu yote ya kurekodi pedi inatokana na kuvioza kwa haraka.

Nyumba ya treki ni utepe. Kabla yake mtu alirekodi alichokisikia, kwa pamoja, kikabaki pamoja. Hugh Tracey alipozunguka Kenya, Uganda na Tanganyika mwanzoni mwa miaka ya 1950, alikuwa na maikrofoni moja, na "kumiksi" kwake kulikuwa kuisogeza kwa mkono: sasa karibu na mwimbaji, sasa karibu na ngoma. Alipoanzisha maktaba yake ya muziki wa Afrika huko Afrika Kusini mwaka 1954, alihifadhi maelfu ya rekodi ambazo hakuna fundi anayeweza kuzifumua. Alivyosimama siku ile ndivyo tutakavyosikia milele.

Mwaka 1957 kampuni ya Ampex ilimpelekea mpiga gitaa Les Paul, huko Marekani, mashine ya kwanza ya utepe yenye treki nane. Utepe mmoja, njia nane sambamba, na kila njia unaweza kuirekodi, kuifuta au kuipunguza bila kugusa nyingine. Wazo la kwamba ngoma ya mguuni inastahili njia yake peke yake lilitoka huko, na lilikuwa wazo la gharama. Sikiliza santuri ndogo za benga ya Kikamba za miaka ya 1970, za Kakai Kilonzo na Kilimambogo Brothers. (Jina la bendi ni la ule mlima ulio kaskazini ya nyika yetu.) Ngoma ya mguuni inapiga moja-moja bila kuchoka, na imeshikana na gitaa la besi kama chapati mbili zilizolala pamoja. Utamu wenyewe uko hapo, sibishi. Ila ukitaka leo kusikia mguu ule peke yake, ujifunze anachofanya, huwezi. Kilonzo alifariki mwaka 1987.

Sasa nyumba ya pili. Mwaka 1980 Roger Linn alitoa mashine ya ngoma LM-1, na mwaka huohuo Roland ya Japani ikatoa TR-808. Nilipokuwa nikisoma juu ya mashine hizi nilishtuka kidogo: nyuma ya zote mbili kuna tundu la waya kwa kila mlio! Ngoma ya mguuni waya wake, sneya waya wake, matoazi waya wake. Ukiwa na mashine ya utepe ya treki kutosha, unachomeka kila mmoja kwake, kazi imekwisha. Kumbe ngoma za mashine zilianza zikiwa zimetengana. Tulizikusanya baadaye, sisi wenyewe.

Aliyezikusanya ni MIDI. Mwaka 1981 Dave Smith wa Sequential Circuits na mwenzake Chet Wood waliandika pendekezo la lugha moja ya vinanda vya umeme, kwa sababu kinanda cha kampuni moja hakikuweza kuzungumza na cha nyingine. Ikutaro Kakehashi wa Roland alikuwa na hamu hiyohiyo. Januari 1983, kwenye maonyesho ya biashara ya muziki huko California, waliunganisha Prophet-600 na Jupiter-6 kwa waya mmoja, na kinanda kimoja kikapiga kingine. Agosti mwaka huo maelezo kamili yakachapishwa, bure, kwa yeyote. Ule ubure ndio uliotufikia hadi Kinanie, kwa hiyo nawaheshimu sana wazee hao. (Walipewa tuzo ya Grammy ya ufundi mwaka 2013. Kakehashi alifariki 2017 na Smith 2022.)

Lakini tazama vipimo vyao. Waya mmoja, biti 31,250 kwa sekunde, kasi iliyochaguliwa kwa kuwa ni megahezi moja ikigawanywa kwa 32, rahisi kwa chipu za wakati ule. Kila baiti hutumia biti 10 njiani, kwa hiyo pigo moja la baiti tatu linachukua karibu milisekunde moja. Chaneli ni 16 kwa sababu zilibaki biti nne kwenye baiti ya kwanza. Noti ni 128 kwa sababu zilibaki biti saba. Na kipimo chenyewe cha tukio ni noti, maana waliokaa mezani walikuwa watu wa vinanda. Kwa lugha hii, pedi ya ngoma ni kibonye cha piano kilichonenepa.

Kwa hiyo Roland ilipotoa Octapad mwaka 1985, pedi nane za kupiga kwa fimbo, isiyo na sauti yake yenyewe, ilichotuma ni noti za piano. Kitaalamu ungeweza kuipa kila pedi chaneli yake. Lakini chaneli 16 si nyingi ukiwa na besi, vinanda na zumari. Nani atazimaliza nane kwa ngoma? Ngoma zote zikabanwa kwenye chaneli moja na kutofautishwa kwa namba za noti. Mwaka 1987 Roland ikatoa kisanduku cha sauti kinachoitwa MT-32, na ngoma zikawekwa chaneli ya 10. Mwaka 1991 makubaliano ya General MIDI yakaifanya sheria: chaneli 10 ni ya ngoma, noti 35 hadi 81, kila noti mlio wake. Ngoma ya mguuni ikapata 36. Kwa nini 36? Chukua kinanda cha vibonye 61, cha kawaida kanisani. Kibonye cha mwisho kabisa kushoto ni noti 36.

Na faili? Mwaka 1988 kulitolewa muundo wa faili la MIDI, na una aina mbili zinazotumika sana. Aina 0 inamwaga kila kitu kwenye treki moja. Aina 1 inahifadhi treki nyingi. Binamu alihifadhi aina 0, bila kujua kwamba alikuwa akichagua.

Hapa Afrika Mashariki tuliipokea hii orodha ya chaneli 10 kupitia vinanda. Yamaha na Casio zenye midundo ndani yake ziliingia makanisani, kwenye harusi, na kwenye mugithi ambapo mtu mmoja na gitaa lake walijaza baa nzima kwa msaada wa mashine ya ngoma. Nilipoisoma ile orodha ya 1991 kwa utulivu nilitaka kucheka na kulia. Kuna bongo mbili, timbale mbili, agogo mbili, kabasa, marakasi, kuika mbili za Brazili. Baadhi yavyo vina asili iliyovuka bahari kutoka bara hili kwa njia tunayoijua, vikarudi kwetu ndani ya chipu. Ngoma ya kwetu iliyoitwa kwa jina lake haimo. Lakini kuna konga, na konga ya juu imepewa noti mbili: 62 ikizibwa na mkono, 63 ikiachwa wazi. Yaani kuna mtu pale mezani alijua kwamba ngoma moja inaweza kuwa na midomo miwili! Alijua, akaiandika kama ngoma mbili, kwa kuwa lugha haikumpa njia nyingine.

Kilichotubadilisha sisi wa rika langu ni FruityLoops. Toleo la kwanza lilitoka mwaka 1997 kwa kampuni ya Image-Line ya Ubelgiji, kazi ya kijana Didier Dambrin, na lilikuwa mashine ndogo tu ya ngoma kwenye skrini. Mwaka 2003 likaitwa FL Studio. Uzuri wake: kila mlio una safu yake tangu mwanzo. Huwezi kukosea, kwa sababu unachora mapigo kwa panya, mlio mmoja mmoja. Nilipokuwa chuo mwaka 2004 CD yake ilizunguka vyumbani kama kiberiti, na msiniulize leseni. Nairobi ilikuwa imelewa Ogopa Deejays na kapuka, jina ambalo wengi wanasema ni la kuigiza mlio wa ngoma yenyewe, na "Unbwogable" ya Gidi Gidi Maji Maji, iliyotengenezwa na Tedd Josiah mwaka 2002, ilikuwa bado inatikisa matatu. Kila mmoja wetu alijiona prodyuza.

Ila kuchora si kupiga. Ukichora, kila pigo linakaa kwenye mraba wake. Pedi zinarudisha mkono wa mtu, na zikirudisha mkono zinarudisha na lile fungu la chaneli moja. Programu kubwa zina dawa yake: Cubase ina amri ya kuyeyusha kipande kwa kufuata noti, Logic ina yake, Reaper ina yake, na ndani ya FL Studio kifaa cha FPC kinaweza kupeleka kila pedi kwenye njia yake ya mchanganyiko. Wengi hawazijui. Wanarekodi fungu, wanalibana kuwa WAV, wanafuta mradi ili kupata nafasi kwenye diski. Kisha wanakuja kwangu na fleshi.

Nitasema upande wa pili pia, maana haki ni haki. Singeli ya Dar es Salaam ilijengwa kwa fungu. Vijana wa Sisso kule Mburahati walichukua vipande vilivyokwisha kuchanganywa, wakavizungusha na kuvikimbiza hadi mapigo mia mbili na zaidi kwa dakika, na mwaka 2017 Nyege Nyege Tapes ya Kampala ikatoa mkusanyiko wa kazi zao ukasikika duniani. Hawakuhitaji treki ya sneya peke yake. Kwa hiyo sisemi kutenganisha ni ustaarabu na kutotenganisha ni ushamba. Nasema Susu ana umri wake na mkono wake haukunji.

Turudi kwenye faili. Nilifungua Python, nikatumia maktaba ya mido, mistari kama ishirini. Soma kila ujumbe, angalia namba ya noti, utume kwenye treki yake, hakikisha muda unahesabiwa upya, maana kwenye faili la MIDI kila ujumbe hubeba muda uliopita tangu ujumbe wa kabla yake. (Hapo nilikosea mara ya kwanza. Ngoma zote zilikimbia kama zimefukuzwa na nyuki.) Dakika mbili, treki nne: 36, 37, 38, 39. Nikazima 38 na 39. Susu akabaki peke yake.

Jamani. Nilikaa kimya. Mkono wa kushoto katikati, wa kulia ukingoni, na nguvu ya pigo haifanani hata mara mbili mfululizo: 71, 64, 102, 58. Treki mbili kwa ngoma moja, ni kweli, kama konga ya 1991. Nikaziunganisha tena kuwa treki moja yenye jina lake, maana kwake ile ni ngoma moja na nani atambishia.

Nikampelekea binamu nikitarajia shukrani. Akasikiliza, akasema: "Kuna mahali Susu amekosekana."

Alikuwa sahihi. Dakika ya sita na tena ya tisa, binamu alipopotea kabisa, Susu alinyoosha mkono akagonga kibonye chake cha tatu kumrudisha njiani, kama anavyomgonga mtu kichwani. Mapigo hayo yako kwenye noti 38. Baiti zake ni zilezile za binamu. Nilipozima treki ya binamu nilizima na nyanya yake akimfundisha.

Nimejaribu kuyatafuta kwa nguvu ya pigo. Binamu anagonga kama anayepigilia misumari, karibu yote ni juu ya 110. Nimepata mapigo 41 yaliyo chini ya 90, na mengi yako dakika ya sita na ya tisa. Mengi, si yote. Saba yako peke yake mahali pengine, na mimi siwezi kuapa ni ya nani.

Nimetengeneza treki ya tano, nimeweka yale 41 tu. Jumapili naenda Kinanie na laptopu na spika. Susu atasikiliza moja moja, aniambie lipi lake. Binamu ameahidi mchele na kuku, na ameniomba nije na waya wa USB, wake umeliwa na panya.